Mtoto anasubiri treni imrudishe babu yake. Nimwambieje?

SWALI: "Baba yangu alifariki kwa kiharusi miezi minne iliyopita. Alikuwa mstaafu wa reli, na alikaa nasi hapa Morogoro miaka tisa, tangu mama alipotutoka. Tulikwenda kumzika nyumbani Tabora. Mwanangu wa miaka sita tulimwacha kwa jirani, tukamwambia babu amesafiri. Sasa kila akisikia honi ya treni anatoka mbio barazani kuuliza kama babu amekuja. Ameanza tena kukojoa kitandani, jambo aliloacha akiwa na miaka mitatu. Siku babu alipozidiwa walikuwa wamegombana kiutani, mtoto alikuwa amemficha mkongojo. Mimi mwenyewe sijalia ipasavyo, msibani ndiye niliyeshika daftari la michango. Lakini alfajiri nasikia kikohozi cha baba chumbani kwake, nikienda kutazama hakuna mtu. Kaka anasema picha zote ziondolewe ukutani ili mtoto asahau upesi. Wadogo zangu wanataka nguo zigawiwe. Kwenye simu nina sauti za baba alizokuwa akinitumia nikiwa kazini; naogopa kuzisikiliza na naogopa kuzifuta. Je, ninarukwa na akili? Na huyu mtoto nimfanyeje?"

JIBU: Dada, pole sana kwa msiba. Nianze na lile linalokunyima usingizi: hurukwi na akili. Nitaeleza kwa nini huko mbele. Lakini ukiniruhusu nianze na mtoto, kwa sababu wewe umefiwa na unajua umefiwa. Yeye hajafiwa bado. Kwa hesabu zake babu yu hai, yuko Tabora, aliondoka bila kuaga, hapigi simu, na treni zinapita kila siku naye hashuki. Huyo si mtoto anayeomboleza, ni mtoto anayeamini kwamba mtu aliyempenda kuliko wote amemtelekeza. Maumivu ya namna hiyo yanaweza kuwa makali kuliko ya kifo, na yanaweza kuanza kupungua kwa mazungumzo ya dakika kumi.

Sikulaumu. Karibu kila familia ninayokaa nayo imewahi kumwambia mtoto kwamba marehemu amesafiri, amelala, au amekwenda kusoma. Tunafanya hivyo kwa huruma, na pia, tuseme kweli, kwa sababu siku ya msiba hatuna nguvu ya kujibu maswali yake. Tatizo ni kwamba tunamdhania mtoto wa miaka sita haelewi kifo. Wengi huanza kukielewa kati ya miaka mitano na saba: kwamba aliyekufa harudi, kwamba mwili wake umeacha kufanya kazi zote, kwamba kila chenye uhai kitafika hapo. Mwanao bila shaka ameona kuku akichinjwa. Anachokosa ni mtu mzima wa kumwambia kwamba jambo hilohilo limempata babu.

Mwambie wewe mwenyewe, si jirani wala si kaka. Chagua asubuhi ya siku ambayo haendi shule, mkiwa mmeshakula, ili awe na mchana mzima wa kukuuliza. Usimwambie usiku anapokwenda kulala. Kaa chini naye, mshike, kisha sema maneno machache: "Mwanangu, nilikuambia babu amesafiri. Haikuwa hivyo. Babu aliumwa sana, ugonjwa unaitwa kiharusi, unaharibu ubongo. Madaktari walijitahidi wakashindwa. Babu amekufa. Tulimpeleka Tabora tukamzika karibu na bibi. Hatarudi kwa treni. Nilikuficha kwa sababu nilikuwa na huzuni sana, na sasa nimeona ni vizuri ujue." Nyamaza hapo. Mwachie nafasi.

Tumia neno "amekufa" hata kama linakukwama kooni. Mtoto anayeambiwa babu amelala huweza kuogopa kulala, na anayeambiwa Mungu alimpenda babu mno akamchukua hubaki akijiuliza kama naye atapendwa vivyo hivyo wiki ijayo. Mafundisho ya imani yenu kuhusu roho na ufufuo mpe, ni haki yake na ni faraja kubwa, ila yaje baada ya habari ya mwili, yasikae mahali pake. Akishajua kwamba mwili wa babu hausikii baridi wala njaa wala giza, ndipo anaweza kusikia habari za mbinguni bila kuwaza jinsi babu atakavyopumua mle kaburini.

Kuna jambo umelitaja kwa kupitia tu, nami nadhani ndilo zito kuliko yote: mkongojo. Mtoto wa umri huu bado anaamini kwamba mawazo na vitendo vyake vina nguvu ya kusababisha mambo makubwa. Nilimficha babu fimbo, babu akaanguka, babu akaondoka na hakutaka kuniaga. Unaona jinsi vipande vinavyoungana kichwani mwake? Huenda hajawahi kulisema wala hatalisema. Usisubiri aulize. Mwambie waziwazi: "Babu hakuumwa kwa sababu ya mkongojo. Kiharusi hakiletwi na mtoto, wala na utani, wala na maneno ya mtu. Babu alijua unamtania." Rudia baada ya siku kadhaa, maana mara ya kwanza huwa hawaamini.

Kisha jiandae kwa maswali ambayo yatakushtua kwa jinsi yalivyo makavu. Mlimvalisha nguo gani? Nani atakula ile nyama yake ya Jumapili? Na wewe utakufa? Kwa hilo la mwisho usiahidi kwamba hutakufa. Sema, "Watu wengi hufa wakiwa wazee sana, nami natarajia kuwa nawe mpaka uwe mtu mzima. Na lolote likitokea, wapo baba, wajomba na mashangazi wa kukulea." Mtoto akiuliza hivyo mara nyingi anataka kujua nani atampikia. Usishangae pia akikusikiliza, akaguna, kisha akaomba ruhusa kwenda kucheza mpira. Watoto huingia kwenye huzuni na kutoka ndani ya saa moja. Si kwamba hajali. Jioni atarudi na swali lilelile, na kesho kutwa tena, nawe utajibu vilevile bila kuchoka, kwa sababu anahakikisha kwamba jibu halijabadilika.

Kuhusu kitanda. Mtoto aliyekuwa mkavu kwa miaka mitatu akaanza tena kukojoa, mara nyingi ni mfadhaiko. Mwili hurudi kwenye umri ambao ulikuwa salama. Lakini usiishie kwenye saikolojia peke yake. Mpeleke kituo cha afya apimwe mkojo, aangaliwe kama ana maambukizi na kama kuna sukari. Ukiona anakunywa maji mengi kupita kawaida, anakwenda haja ndogo mara kwa mara mchana na anapungua uzito, usingoje hata siku moja. Akionekana mzima, basi subira: asichapwe, asitaniwe mbele ya wenzake, asianikiwe godoro barabarani kama tangazo. Abadilishwe shuka kimyakimya. Katika hali kama yenu huwa natarajia mambo yatulie ndani ya wiki au miezi michache baada ya ukweli kusemwa.

Sasa wewe. Kikohozi cha alfajiri.

Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, alichapisha matokeo ya mazungumzo yake na wajane na wagane 293 wa eneo alilofanyia kazi. Karibu nusu yao walimwambia kwamba waliwahi kuhisi mwenzi wao aliyekufa yuko karibu, kumwona, kumsikia au hata kuzungumza naye. Wengi hawakuwa wamemwambia mtu yeyote kabla ya hapo, baadhi wakiogopa kuchekwa. Na wengi walisema hali hiyo iliwafariji kuliko kuwatisha. Utafiti mwingine baada ya hapo umeonyesha jambo hilohilo kwa watu waliofiwa na wazazi na watoto. Hawakuwa wagonjwa wa akili.

Inatokea hivi. Ubongo hausubiri sauti ifike ndipo uitambue. Hutabiri kwanza, kisha hulinganisha. Kwa miaka tisa, kila alfajiri, ubongo wako ulijifunza kwamba saa fulani baba atakohoa, mlango utalia, redio itawashwa. Ratiba hiyo haikufutwa siku ya mazishi. Kwa hiyo unapokuwa nusu macho nusu usingizini, bati likigonga kidogo au gari likipita, ubongo hujaza kilichozoeleka. Kadiri alfajiri zinavyopita bila yeye ndivyo utabiri unavyorekebishwa, polepole, na siku moja utagundua hujasikia kikohozi kwa muda. Nakutahadharisha: siku hiyo huenda ukalia, kwa sababu itakuwa kama umempoteza upya.

Najua pia katika nyumba zetu atakuwepo mtu wa kukuambia kwamba ni baba mwenyewe, ana deni au ana neno. Sitaingia kwenye ubishi wa imani. Ninachoangalia mimi ni je, ukisikia kikohozi unajua baba amekufa? Barua yako inaonyesha unajua vizuri sana. Mtu anayehitaji daktari wa akili ni yule ambaye sauti zinamwamrisha, zinamtukana, zinamwambia ajidhuru au amdhuru mwingine, au asiyekubali kabisa kwamba marehemu amekufa.

Hujalia kwa sababu ulikuwa kazini. Anayeshika daftari la michango, anayetafuta gari la kwenda Tabora, anayehesabu sufuria za jirani zisipotee, huyo huomboleza mwisho, watu wakishatawanyika. Msiba wetu una watu wengi siku za mwanzo na hauna mtu mwezi wa tatu. Ni mfumo mzuri sana wa kuzika na ni mfumo dhaifu wa kukaa na aliyebaki. Usijilazimishe kulia, wala usikubali kuambiwa kwamba machozi yanamsumbua marehemu. Na kama umesoma mahali kwamba lazima upite hatua tano, kukataa, hasira, kubembeleza, huzuni kuu na kukubali, tulia. Hatua hizo zilitoka kwa daktari Elisabeth Kübler-Ross, mwaka 1969, na alizipata kwa kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa. Hakuwa anapima wafiwa. Wataalamu wengi leo wanaona kwamba mfiwa hupita huku na huku: leo anakaa na huzuni yake, kesho anahangaikia ada ya shule na kucheka na wenzake sokoni. Vyote viwili ni maombolezo. Tatizo huja mtu akikwama upande mmoja, na wewe kwa miezi minne umekaa upande wa kazi.

Ndiyo maana simuungi mkono kaka yako. Anadhani kuondoa picha ni kumsaidia mtoto, na kwa kweli amesema kweli kwa kiasi fulani: mtoto atasahau. Mtoto wa miaka sita ana kumbukumbu nyingi za babu yake, ila zile zisizozungumziwa nyumbani hufifia, na akifika miaka kumi na tano atabaki na kipande kimoja au viwili. Atasahau, lakini hatakuwa amepona. Atakuwa kijana anayejua kwamba kulikuwa na mtu ambaye hatajwi ndani ya nyumba yao.

Fikiria pia ni mtu wa namna gani hasa ambaye mtoto amempoteza. Kwetu babu na mjukuu ni watani. Wewe na baba yake mna kazi ya kumkanya na kumlaza mapema. Babu alikuwa mtu mzima pekee ndani ya nyumba ambaye angeweza kufichiwa mkongojo na bado akacheka. Nafasi hiyo haijazwi na picha, lakini picha inampa ruhusa ya kuitaja. Mwanatheolojia wa Kenya, John Mbiti, aliandika kuhusu wafu walio hai: marehemu ambao bado wapo watu waliowafahamu kwa jina na sura. Kwa maelezo yake, mtu wa mwisho aliyemjua marehemu anapokufa, ndipo marehemu anapoingia katika zamani kabisa. Katika ukoo wenu, mtu huyo wa mwisho huenda akawa mwanao. Ndiye wa kukabidhiwa babu vizuri.

Kwa hiyo picha ibaki. Si lazima ile kubwa ya jenezani. Weka moja ambayo baba anacheka, au amevaa sare zake za reli, mahali ambapo mtoto anaifikia kwa macho. Mtaje baba mezani bila kushusha sauti. "Babu angeukataa ugali huu, angesema ni laini mno." Mruhusu mtoto asimulie hadithi alizosimuliwa, hata akizikosea. Ukipata daftari, ziandike; chini aandike jina lake. Na msimsafishe marehemu mpaka akawa malaika. Kama baba alikuwa mbishi, au alikuwa mgumu kunywa dawa za presha, yasemwe. Mtoto alimjua babu mwenye makosa, na huyo ndiye anayemkumbuka.

Sauti za kwenye simu zina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kiufundi na uifanye leo bila kusikiliza hata moja: zinakiliwe. Mpe kijana unayemwamini azihamishie kwenye kompyuta na flashi, nakala moja itumwe kwa ndugu yako. Simu huibwa, huanguka majini. Kama unategemea pia simu ya baba mwenyewe, fahamu kwamba akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa, na laini iliyokaa kimya muda mrefu hufungwa, baadaye namba hupewa mtu mwingine. (Fedha iliyomo kwenye laini hiyo usiitoe kwa namba ya siri hata kama unaijua. Ni mali ya mirathi, imsubiri msimamizi. Nimeona ndugu wakigombana kwa elfu arobaini.) Sehemu ya pili ni ya moyo. Ukishajua haziwezi kupotea, hofu ya kuzifuta itaondoka, na ile ya kuzisikiliza itapungua. Chagua siku, usiwe peke yako, anza na ujumbe wa kawaida kabisa, ule wa "usisahau kuniletea mkate." Ukiona ni mzito, zima. Mtoto asisikilizishwe sauti kabla hujamwambia ukweli, maana atasema, "Si huyo anaongea?"

Nguo zigawiwe, ila si kwa haraka ya wadogo zako wala kwa kusitasita kwako. Wao walikuwa mbali, wamempoteza baba wa likizo na sikukuu, na kugawa nguo ndiyo namna yao ya kufanya jambo. Wewe umempoteza mtu wa kila siku. Ninyi nyote mna haki. Pangeni tarehe, kila mmoja atoe kwanza kitu anachokitaka, na mtoto naye aulizwe. Nina hakika atachagua mkongojo. Mpeni.

Mkiweza, mpelekeni Tabora. Kama hamjaweka msalaba au kujengea kaburi, hiyo ni safari nzuri ya kwenda naye, na kama ninyi ni Wakatoliki, tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, ingefaa vilevile. Abebe maji ya kumwagilia maua, apalilie, aulize. Yeye ndiye aliyekosa mazishi, na mtu aliyekosa mazishi hubaki na mlango wazi kichwani. Kama nauli ni ngumu mwaka huu, hata ibada fupi sebuleni na mshumaa, yeye akisoma jina la babu, inatosha kwa sasa. Ningependa mwende kwa treni, ili honi ile ipate maana nyingine kwake, lakini hilo ni wazo langu tu, basi pia linafika.

Mwisho, lini mtafute msaada wa ana kwa ana. Huzuni yako ya miezi minne bado iko ndani ya kawaida. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, unaotumika tangu Januari 2022, unahesabu maombolezo kuwa ugonjwa pale yanapokuwa makali, ya kila siku, yakavuka angalau miezi sita na kumzuia mtu kuishi: hawezi kazi, hawezi kulea, haoni sababu ya kesho. Madaktari wa akili wa Marekani wameweka miezi 12 kwa mtu mzima na sita kwa mtoto. Lakini usisubiri kalenda ikiwa hulali kabisa, umeanza kutegemea pombe au vidonge vya usingizi, au unawaza kufa. Kwa hilo la mwisho, nenda hospitali siku hiyohiyo na umwambie mtu wa karibu asikuache peke yako. Hospitali za rufaa za mikoa zina kliniki za afya ya akili, na huna haja ya kuwa "mwehu" ili kuonwa pale.

Kwa mtoto, nenda ukiona anakataa shule kwa wiki kadhaa, hataki kucheza na yeyote, ana ndoto mbaya kila usiku, au anajiumiza. Akisema "nataka kumfuata babu", usimkemee. Muulize kwa utulivu, "Unataka kwenda kufanya nini?" Mara nyingi atajibu kwamba anataka kumwona, nawe utajua ni hamu. Akieleza namna ya kufa, hilo ni la hospitali siku hiyo. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya anaweza kukuelekeza, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo. Mwalimu wake wa darasa pia ajulishwe wiki hii. Mpaka sasa huenda anamwona mtoto mtundu na msahaulifu tu, na hajui kwamba kwenu kuna msiba.